Aliyempa Mugisha Pipi

Kemilembe alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage kwenye ungo, hapa kwangu Muleba. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua na za watoto, kisha akaniambia kama mtu aliyekumbuka jambo dogo wakati anataka kukata simu: "Mama mdogo, nimeona tangazo kwenye kundi la mtaa. Yule mama aliyempa Mugisha pipi amefariki. Wamemzika jana alasiri, huko Kashai." Hakusema kwa chuki. Kemilembe alikuwa na miaka mitano mdogo wake Mugisha alipokufa, na sasa yeye mwenyewe ana watoto wa sekondari. Kwake hilo ndilo jina la yule mama, kama wengine wanavyoitwa mama dagaa au mama wa kona. Jina lake halisi lilikuwa Bi Zuhura, na hakumpa Mugisha pipi. Mbali na marehemu mwenyewe, aliyelijua hilo kwa hakika ni mimi peke yangu, na nimekaa nalo karibu miaka arobaini. Nilimwambia Kemilembe, "Mungu amrehemu," nikaweka simu chini, nikamaliza kuchambua maharage yote mpaka punje ya mwisho, kisha nikayaacha palepale kwenye ungo, nikaenda kubadilisha nguo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na nilikuwa naishi Nyanga, mjini Bukoba, kwa dada yangu Paskazia, nikimtunzia watoto. Kwa nini nilipelekwa kwake na si kwa mwingine, hiyo ni habari nyingine. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vinne, bati juu, haina dari, na kuta za ndani ziliishia usawa wa mtu mrefu akinyoosha mkono. Ukikohoa chumbani, aliye sebuleni alikwambia pole. Chumba changu kilikuwa nusu chumba nusu ghala: upande mmoja kitanda cha kamba, upande wa pili magunia ya kahawa ya shemeji, na kati yake njia ya kupita mtu mmoja. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa mbichi iliyokaushwa, mwili wangu unarudi kwenye kile chumba kabla akili haijaamua. Chini ya kitanda nilikuwa na begi la kitambaa, la kijani, lenye zipu iliyokufa. Humo niliweka nguo zangu, vyeti vyangu, na pipi.

Pipi zilikuwa kazi niliyopewa. Dada yangu alikuwa nesi, na alikuwa ameona wodini mambo ambayo hakuyaeleza mezani. Kwa watoto wake alikuwa na amri moja isiyokuwa na majadiliano: asiyetimiza miaka mitano hapewi pipi ngumu. Lakini watu walizileta. Mgeni hawezi kuingia penye watoto mikono mitupu. Baba mzazi wa shemeji alikuja kutoka Kaagya na koti lake zito, akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi zilizogandana na vumbi na buni za kutafuna. Walimu wenzake shemeji walileta, wanakwaya walileta, na jirani yetu Bi Zuhura alileta kuliko wote. Siku yangu ya kwanza pale dada alinikalisha jikoni akanifundisha, kama anayefundisha kufunga bandeji. "Mgeni akitoa, unawahi wewe kabla ya mtoto. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unasema watakula baada ya chakula. Halafu unaziweka mahali mtoto haoni. Mwisho wa mwezi ukienda nyumbani Ngenge, wapelekee wadogo zetu, wale wana meno na akili." Nikamuuliza kwa nini asiwaambie wageni tu wasilete. Akanijibu, "Spera, ukimkatalia mtu chakula alichomletea mtoto wako, unajua umemwambia nini?" Nilijua. Kwetu, kukataa kitu cha mtu kisiingie kinywani mwa mwanao ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamdhania ana sumu.

Hata hivyo alimwambia Bi Zuhura. Nilisikia mazungumzo hayo jioni moja nikiwa kwenye magunia, wao wakiwa sebuleni. Bi Zuhura alikuwa mjane wa makamo. Wazee wake walitoka Pwani wakafanya biashara ya ngozi mjini, na yeye alizaliwa Bukoba palepale. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu, na Kihaya chake kilikuwa cha kutosha kutuchekesha. Alikaanga vitumbua asubuhi na kuviuza dirishani, na alikuwa na binti mmoja aliyempata akiwa amekwisha kukata tamaa, Rehema, ambaye alicheza na Kemilembe kutwa nzima. "Mama Kemi," alikuwa akisema, "mtoto na utamu ni vitu viwili vya kutenganishwa kweli?" Dada akamweleza habari ya koo la mtoto, lilivyo jembamba, na pipi ilivyo ya duara. Alieleza kwa upole. Kikombe kikagonga sahani. "Haya," akasema Bi Zuhura. "Nitakuletea wewe, utamgawia ukipenda. Lakini Idi usinifunge mikono, mwenzangu. Idi sipiti mlango wa jirani na mkono mtupu." Wakacheka wote wawili. Alipoondoka, shemeji, aliyekuwa Mwalimu Deodatus kwa watu wote isipokuwa mimi, alimwambia dada kwa sauti ya chini iliyopanda juu ya ukuta na kunifikia ilivyo: "Umemvunja moyo. Sasa atasema tunamwogopa." Dada akajibu, "Aseme. Mimi namwogopa Mungu na pipi."

Ningependa kusema kwamba niliishika amri ile. Niliishika mwezi mmoja, labda miwili. Kisha nikaanza kuona kwamba begi langu limejaa kitu kinachoweza kunyamazisha kilio. Mugisha alikuwa na miaka miwili na nusu, mnene, mwenye hasira fupi, na hakutaka nimwache hata nikichota maji. Ukimweka chini, analia. Ukimbeba, huwezi kumenya ndizi, na nyumba ile ilikula ndizi mchana na jioni kila siku ya Mungu. Siku ya kwanza nilivunja pipi kwa meno yangu, nikampa kipande kidogo kama punje ya mchele. Alinyamaza. Alikaa juu ya jamvi, akitazama mbele kama mzee aliyeko kanisani, nami nikamenya mkungu mzima bila kusimama. Nikafanya hivyo tena kesho yake. Baada ya wiki kadhaa vipande vilikuwa vikubwa zaidi, na sikuwa nikivunja kwa uangalifu tena. Siku mbili, au tatu, nilimpa nzima, nikakaa namtazama mpaka imeisha. Haikutokea kitu. Hilo ndilo lililoniharibu, kwamba haikutokea kitu. Na yeye alijifunza. Akawa anakuja mlangoni mwa chumba changu, ananyoosha kidole chini ya kitanda, anasema, "Pii." Nilikuwa nikimwambia, "Nyamaza, mama atasikia," tukawa na siri, mimi na mtoto wa miaka miwili, na nilifurahi kwamba ananipenda.

Siku ya Idi dada alikuwa zamu, shemeji alikuwa amekwenda kusaidia hesabu za shule ingawa ilikuwa mapumziko. Kemilembe alikuwa kwa Bi Zuhura tangu asubuhi, amevalishwa gauni jipya la Rehema. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi, vidole vyangu vimeganda utomvu. Bi Zuhura akapita uani na kanga mpya, ananukia, ameshika mfuko mweupe wa nailoni uliofungwa fundo juu. "Chukua hizi, mwanangu, uwape wenyewe watoe idhini. Mimi nimetimiza yangu." Alicheka, akampapasa Mugisha kichwani, akanipa mfuko mkononi mwangu. Kwangu mimi, si kwa mtoto. Niliingia ndani nikauweka juu ya kabati la vyombo, fundo likiwa limefungwa, nikarudi kwenye ndizi zangu. Mugisha alikuwa ameuona. Alinifuata, akavuta sketi yangu, akasema neno lake. Nikamwambia, "Subiri nimalize." Akaondoka. Nilimsikia akiburuta kitu ndani ya nyumba na nikashukuru kwamba amepata cha kuchezea.

Nilimenya ndizi nyingine nne au tano. Nakumbuka nilifikiri juu ya mapumziko yangu ya Ngenge. Kisha nikasikia kwamba nyumba haina sauti. Nilimkuta katika ile njia kati ya kitanda na magunia, amesimama, begi langu limefunguka miguuni pake, mikono yake imeinuka kidogo pembeni kama anayetaka kubebwa. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Rangi yake ilikuwa inabadilika mbele ya macho yangu. Niliingiza kidole kooni mwake, kidole kilichojaa utomvu, nikaigusa ile pipi, ikateleza, ikaenda chini zaidi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, nimeshika mikono midogo kuifundisha kuandika, na kidole hiki hakijawahi kusahau kile kilichogusa. Nilitoka barabarani nimembeba nikipiga mayowe. Mtu mmoja mwenye pikapu ya ndizi alisimama. Njiani nilimpiga mgongoni, nikamgeuza, nikampulizia, nikaita watakatifu wote ninaowajua. Kabla hatujafika hospitali alikuwa amelegea, mzito, kama watoto wanavyokuwa wakisinzia.

Daktari aliitoa kwa chombo kirefu akaiweka kwenye kisahani cha chuma. Ilikuwa nyekundu, imeyeyuka kidogo tu. Dada yangu alikuwa ameitwa kutoka wodi ya akina mama, amevaa sare yake, kofia iko sawasawa kichwani. Alimtazama mwanawe, akakitazama kisahani, kisha akanigeukia. Hakulia. Aliniuliza kama anavyomuuliza mgonjwa, "Nani kampa?" Na mimi nikajibu, "Bi Zuhura alikuja asubuhi. Ya Idi." Kila neno lilikuwa la kweli. Dada akafumba macho, akasema, "Nilimwambia. Nilimwambia yule mwanamke." Wauguzi wenzake wakamshika mabega, wakamketisha.

Ningeweza bado kusema siku ileile. Watu huniambia, wakisimulia makosa yao, kwamba mambo yalikwenda haraka. Yangu hayakwenda haraka. Nilitumwa nyumbani kuchukua shuka na kufunga milango. Niliingia peke yangu, saa nane mchana, jua likiwaka, na juu ya kabati ulikuwa ule mfuko mweupe, fundo likiwa kama alivyolifunga mwenyewe. Nilisimama kuutazama. Nilielewa kwamba mtu yeyote akiingia na kuuona umefungwa, ataniuliza pipi ilitoka wapi. Nikaushusha. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Nikamwaga pipi chache mezani, nikaenda chumbani, nikaokota karatasi nyekundu ya pipi iliyokuwa sakafuni, nikaja kuiweka juu yake. Kisha nikachukua pipi zote zilizobaki ndani ya begi langu nikazitupa chooni, nikalirudisha begi na zipu yake mbovu mahali pake chini ya kitanda. Nilinawa mikono. Shemeji aliporudi aliingia sebuleni, akaiona meza, akasimama hapo muda mrefu. Hakuniuliza neno, siku ile wala siku nyingine.

Tulimzika Kaagya, katika kibanja cha babu yake, kaburi fupi kati ya migomba. Siku ya pili ya matanga nilikuwa jikoni na wanawake wa ukoo mama yake shemeji alipoingia akanishika mkono. "Yuko njiani pale. Yule. Amekuja na chakula. Nenda umwambie arudi, wanaume hawajamwona bado." Bi Zuhura alikuwa amesimama mahali njia inapoacha barabara na kuingia kwenye migomba. Alikuwa peke yake, na sufuria ya wali imefungwa kwa kanga, imewekwa chini miguuni pake. Vumbi la safari lilikuwa mpaka magotini.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana." Alinitazama usoni kwa namna ya kutafuta. "Wanasema mtaani nimempa mtoto pipi kwa mkono wangu. Rehema kapigwa mawe jana. Mimi si nilikupa wewe? Mfuko nilikupa wewe, nimeufunga, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na fundo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo."

"Alhamdulillahi. Nilianza kujiona nina wazimu." Akashusha pumzi, na niliona mabega yake yanalegea. "Basi waambie, bojo, tafadhali. Sitaki kingine. Waambie hivyo tu ulivyoniambia mimi."

"Nitawaambia. Ila leo wamesema urudi."

Aliitikia kwa kichwa. Aliinama akachukua sufuria, na sikumsaidia kujitwika. Nilimwona akienda zake barabarani, nikarudi jikoni. Mama yake shemeji akauliza alikuwa amesemaje. Nikasema, "Ametoa pole."

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliishi katika nyumba iliyokuwa na meza, viti na sahani kama zamani, na hapakuwa na mtu aliyemaliza chakula chake. Dada aliketi kula, akashika kijiko, akasahau. Wageni walipokuja aliwapokea mlangoni na kusema, "Hapa hatupokei kitu cha watoto," na hakuna aliyekasirika. Mtaa mzima ulikuwa umekubali kwamba alikuwa na haki hiyo. Alasiri moja nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mumewe, "Ningemkataza waziwazi. Nilicheka naye, Deo. Nilicheka naye hapa hapa." Shemeji akamwambia, "Si wewe. Ni yule." Nami nilikuwa juu ya kitanda cha kamba, mita mbili kutoka kwao, nimeshika mdomo wangu kwa mkono. Kwa Bi Zuhura watu walikoma kununua vitumbua. Kwanza waliacha Wakatoliki, wakafuata wengine, maana hakuna anayetaka kuonekana amesimama dirishani pale. Neno la sumu lilianza kusemwa, kisha neno la uchawi, tena kwa Kihaya, ili liwe na uzito. Mtu alipaka kinyesi cha ng'ombe mlangoni kwake. Shemeji, mwalimu, mtu wa vitabu, alisikia yote hayo na hakusema kitu, kwa sababu ilikuwa lazima awepo mtu wa kulaumiwa, na mimi nilikuwa nimempatia.

Walihamia Kashai kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa naanika nguo pikapu ilipokuwa ikipakiwa: kitanda, mikeka, karai la vitumbua jeusi kama lami. Bi Zuhura alipita karibu na kamba yangu ya nguo mara mbili na hakunitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kunyoosha mkono kwenye mlango, akagonga sana, akaelewa kwamba ndani hakuna mtu. Rehema alipunga mkono kutoka juu ya mizigo. Kemilembe, ambaye alikuwa amefundishwa, alimgeuzia mgongo.

Niliitwa chuo mwezi uliofuata. Nikawa mwalimu, na darasani kwangu pipi hazikuingia. Wazazi walinisifu kuwa na msimamo, na wapo waliosema huyu ana uchungu, alifiwa na mtoto wa dada yake. Mara tatu nilikwenda Kashai mpaka mtaa wa Bi Zuhura, na mara tatu nikanunua kitu dukani nikarudi. Dada yangu alipougua nilimuuguza mimi, hapa kwangu, miezi saba. Nilijiambia, huyu hataondoka hajajua. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, nimekwisha kupanga maneno, akanishika kifundo cha mkono na vidole vyake vilivyobaki mifupa. "Nakuombea kila siku kwa sababu ya siku ile," akasema. "Hakufa peke yake. Alikuwa na wewe." Nikampa kijiko kingine cha uji. Alikufa akiniombea.

Kwa hiyo nilipofika Kashai siku ile ya simu, sikuwa nimejiandaa kwa lolote zaidi ya kuketi mkekani na wanawake wengine. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, udi unafuka, watu si wengi. Rehema nilimtambua kwa mabega, yalikuwa ya mama yake. Nilisubiri mpaka akatoka kwenda uani kuosha vikombe, nikamfuata. Nikamwambia mimi ni nani. Alijifuta mikono, akanisikiliza amesimama, nami nikamweleza yote: begi, fundo, karatasi, njia ya Kaagya. Nilisema bila kulia, kwa sababu nilihisi kulia mbele yake kungekuwa wizi mwingine. Nilipomaliza, maji yalikuwa bado yakitiririka kutoka kwenye bomba.

"Unaniambia mimi kwa nini?" akauliza. "Mama alikuwa hai mpaka jana asubuhi."

Nilikiinua kikombe kimoja, nikakiweka tena chini.

"Alikuwa akisema, yule binti alikubali. Pale njiani, alikubali. Alilisema mpaka sisi tukachoka. Wajukuu zake walikuwa wanamcheka, bibi na fundo lake." Alifunga bomba. "Nenda kawaambie waliomfukuza. Kwangu umeshachelewa."

Nilikwenda kwa Kemilembe, Nyanga, nikamkuta ametoka kazini. Alinisikiliza jikoni kwake, mwiko mkononi. Nilitarajia kelele. Aliuliza swali moja tu, "Mama alijua?" Nikamwambia hapana. Alizima jiko, akachukua funguo za gari. "Baba yuko hai," akasema. "Utamwambia wewe."

Aliendesha mpaka Kaagya. Shemeji alikuwa ameketi barazani, mzee sana sasa, blanketi magotini, na alifurahi kuniona, akaagiza niletewe kiti. Nikaketi karibu naye, nikaanza kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimekuja kwa habari ya Mugisha." Aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikii. Sema kwa nguvu." Nikarudia. "Bado. Sema kwa Kihaya." Basi nikasema kwa nguvu, kwa Kihaya, lugha ambayo hainipi mahali pa kujificha: kwamba pipi ilikuwa yangu, kwamba nilikuwa nikimpa kwa siri, kwamba mfuko wa Bi Zuhura ulikuwa umefungwa na mimi ndiye niliyeufungua. Wanawake waliokuwa wakianua kahawa uani walisimama. Watoto wa jirani walisimama. Nilisema mpaka mwisho, na aliponiomba nirudie habari ya fundo, nikairudia.

Hakunipiga, hakunilaani. Aliutazama uwanja. "Nilimwacha atukanwe," akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, si kwangu. "Nilikuwa naweza kuwanyamazisha kwa neno moja." Kisha akamwambia Kemilembe amtafutie koti na fimbo, kwamba wanakwenda Kashai sasa hivi. Kemilembe akamwambia, "Baba, jua linazama." Akajibu, "Basi tuwahi." Nilisimama nikitaka kumshika mkono kumshusha ngazi za baraza, kama nilivyofanya miaka yote. Aliuondoa mkono wake taratibu, bila hasira, akamsubiri binti yake.

Kulikuwa na nafasi kwenye gari. Hakuna aliyenifungulia mlango, nami sikuuliza. Sijui walizungumza nini na Rehema, Kemilembe hajaniambia na hanipigii tena simu. Wale wanawake waliokota jamvi lao la kahawa wakaliingiza ndani. Nikabaki uani pale na watoto wa jirani, wakinitazama, mpaka mkubwa wao akawaita wenzake waondoke.